Simu ya kazini inakataa nywila: nifomati, nimpelekee fundi au nisubiri tehama?

Konokono_Mwepesi
Wakuu salaam. Simu niliyopewa kazini inakataa nywila tangu jana jioni, na nina uhakika naandika sahihi. Naona njia tatu: niifomati mwenyewe, nimpelekee fundi aiflashi (aiwekee mfumo upya), au nisubiri watu wa tehama warudi Jumatatu. Jumapili natakiwa kutuma ripoti. Ipi bora?

Mchota_Maji
Nywila ipi mkuu? Ya skrini, ya barua pepe, au PIN ya laini? PIN ya laini ukikosea mara 3 unadaiwa PUK, ile namba ya kuifungulia laini, na PUK ukikosea mara 10 laini imekufa. Na ni simu gani?

Bundi_wa_Usiku
Piga fomati. Robo saa umemaliza, unaanza upya. Simu zangu zote nazifanyia hivyo.

Nyuki_Mkali
Bundi, usimpoteze mwenzio. Mimi nilikuwa na kiherehere hichohicho. Nilisahau PIN ya simu ya kazi, nikashikilia vitufe mpaka ikafutika yote. Kuwaka tu, inadai akaunti ya Google iliyokuwemo kabla. Ulinzi huo uko kwenye Android tangu toleo la 5.1, nami sikuujua. Akaunti yenyewe ilifunguliwa na niliyempokea kiti, alishaacha kazi. Nampigia, ananiambia hata jina la akaunti halikumbuki. Tena ile programu inayotoa namba 6 za kuingilia mfumo wa ofisi ilikuwa humohumo, ikaenda na maji, kwa hiyo hata kompyuta ikanikataa. Siku nne nachorachora karatasi mezani, bosi akipita najifanya natafuta kalamu. Fundi niliyempelekea alikaa nayo siku mbili, akairudisha haijafunguka na ina ufa kwenye skrini. Eti ilikuja hivyo.

Konokono_Mwepesi
Pole sana. Ni Android, ya ofisi, ila na mambo yangu yamo. Skrini naifungua kwa kidole bila shida. Kinachogoma ni barua pepe.

Mchota_Maji
Si ungesema tangu mwanzo! Skrini inafunguka, fundi wa nini? Hivi karibuni umebadilisha nywila kwenye kompyuta?

Konokono_Mwepesi
Ndiyo, juzi. Mfumo ulinilazimisha.

Mchota_Maji
Basi nadhani mchawi ni huyo. Simu bado imeshika nywila ya zamani na inajaribu kuingia yenyewe kila baada ya muda. Seva inahesabu makosa, inafunga akaunti, halafu hata ukiandika sahihi unakataliwa. Weka hali ya ndege kwanza. Iondoe akaunti ya kazi kwenye programu ya barua pepe, na kama Wi-Fi ya ofisi inatumia nywila hiyohiyo, isahaulishe. Akaunti nyingi hujifungua baada ya muda uliowekwa na msimamizi. Ndipo uingize mpya, mara moja tu. Kama una kompyuta kibao yenye barua pepe hiyo, nayo ifanyie vivyo hivyo.

Mama_Hesabu
Mimi hasira yangu ni hii ya kulazimishana. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishashauri tangu 2017 kwamba nywila isibadilishwe kwa kufuata kalenda, ibadilishwe ikionekana imevuja. Kwetu kila siku 90, matokeo yake watu wanaongeza namba mwishoni. Nimehamia Bitwarden, programu ya kutunza nywila, inanikumbukia zote.

Bundi_wa_Usiku
Uweke mayai yote kapu moja? Daftari langu halijawahi kudukuliwa.

Mama_Hesabu
Daftari likilowa je?

Nyuki_Mkali
Acheni daftari. Konokono, unasema unafungua kwa kidole. PIN unaikumbuka? Usije ukaizima simu, maana ikiwaka haikubali kidole mpaka kwanza uingize PIN.

Konokono_Mwepesi
Nimeshaizima. Niliona nianze na hilo, si ndiyo dawa ya kila kitu. Sasa inadai PIN na niliiweka siku napewa simu.

Mchota_Maji
Ishaallah umekosea mara chache. Umejaribu ngapi? Ofisi nyingine huziweka simu zijifute zenyewe makosa yakifika idadi fulani. Acha kubahatisha! Kama ofisi inaisimamia kwa mbali, tehama huenda wakakuwekea PIN mpya hata wakiwa kwao. Hamna namba ya dharura?

Konokono_Mwepesi
Namba yao imo kwenye simu.

Bundi_wa_Usiku
Daftari, nilisema.