Likizo ya uzazi siku 84: tupeane uzoefu, ulirudije kazini?

Mama Tumaini: Jana asubuhi kwenye daladala ya Mbagala nimekaa na binti kavaa sare ya kazi, blauzi imelowa kifuani, anajifunika mtandio machozi yanamtoka. Mtoto hana hata miezi mitatu, ndiyo siku ya kwanza anarudi. Nimekumbuka yangu yote. Wenzangu tuliopita hapo, tupeane uzoefu.

Shangazi wa Tegeta: Usinikumbushe. Nilikuwa nakamulia stoo, nimekalia boksi la karatasi, mlango nimeuegemeza kwa mguu.

Nyanya Mbichi: Nyie mna siku 84. Mimi nauza Mabibo sokoni, hata arobaini sikumaliza. Siku ya 12 nipo kwenye meza yangu, mtoto kalala chini yake ndani ya tenga. Sheria ya ajira mimi hainijui.

Mzee wa Hesabu: Tusemezane ukweli, mkizidi kuongezewa siku waajiri wataajiri wanaume tu.

Shangazi wa Tegeta: Kaka, na watoto watazaliwa na hao wanaume?

Baba Ilham: Hata baba ana siku 3 tu. Mke wangu alipasuliwa. Siku ya nne niko kazini, yeye na mshono wake anainama kuinua ndoo. Kenya baba anapata wiki mbili tangu sheria yao ya 2007.

Dada wa Ruvuma: Wangu alikuja wiki ya 29, gramu 1,100. Kiganja changu kilimfunika mgongo mzima. Wiki sita wodini nimemfunga kifuani ngozi kwa ngozi, nalala nimekaa. Kila saa mbili nakamua, anapewa kwa mpira wa puani, mililita chache, nazihesabu kama dawa. Asubuhi ni mzani. Akiongeza gramu 20 wodi nzima tunashangilia, akipungua hakuna anayekunywa chai. Na huku likizo inakatika. Tunaruhusiwa ana gramu 1,800, mimi nimebakiwa na siku 42. Nikaandika barua kuomba mwezi mmoja bila mshahara. Jibu likaja kwa simu: rudi, au tutafute mwingine. Mama yangu akatoka Songea katikati ya palizi, mahindi akayaacha na magugu. Mwaka ule hakuvuna kitu. Siku ambazo sheria haikunipa, alizilipa mama yangu kwa shamba lake.

Nyanya Mbichi: Pole mama. Nimesoma mara mbili. Mtoto yukoje?

Dada wa Ruvuma: Yuko darasa la pili, anasoma mpaka maandishi ya kwenye sabuni.

Mama Tumaini: Mungu ni mkubwa. Mwambieni na bibi yake asante.

Afisa Mstaafu: Sheria ya ajira imerekebishwa 2025, mama wa njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, anaongezewa muda uliobaki kufikia wiki 40 za mimba. Na wote mjue: sheria hiyo ya ajira ya 2004, kifungu cha 33, inakupa muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kila siku, ndani ya muda wa kazi. Dai kwa maandishi, baki na nakala.

Shangazi wa Tegeta: Saa mbili Posta hadi Tegeta na foleni ile? Unafika getini unageuza.

Afisa Mstaafu: Basi omba utoke saa mbili kabla ya muda wa kutoka. Wengi hukubaliwa.

Bi Mkubwa 62: Mwanzishieni uji mapema, mbona sisi tulikua.

Dada wa Ruvuma: Hapana bibi, shikamoo. Miezi sita ni maziwa ya mama tu. Akamue, aweke kwenye friji.

Nyanya Mbichi: Asiye na friji?

Shangazi wa Tegeta: Kwenye kikombe safi chenye mfuniko, mahali pa baridi, yatumike ndani ya saa nne. Matiti yakijaa kupita kiasi, jani la kabichi linapoza.

Mzee wa Hesabu: Nimesoma ya dada wa Ruvuma. Naondoa nilichosema juu.

Mama Tumaini: Yule binti hushukia Kariakoo. Pampu yangu ya mkono bado iko kabatini, kesho naichemsha naibeba kwenye pochi. Kuna mwenye chupa ndogo za ziada, upande wa Mbagala?

Baba Ilham: Ninazo nne. Nipo Rangi Tatu.