Hela ya meza ya kila siku inatushinda: wenzetu mnapangaje?

Mama Wawili (Kimara): Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mume wangu ni seremala, kwa hiyo nyumbani kuna mshahara wa mwisho wa mwezi na kipato kingine kisicho na tarehe. Yeye huacha hela ya meza kila asubuhi, elfu kumi kazi ikienda vizuri, elfu nne isipokwenda. Mimi nalipa kodi ya nyumba, umeme na kila kinachojitokeza. Hatugombani, ila ikifika tarehe 20 tunaanza kukopa dukani. Je, kuandika matumizi kunasaidia, au ni kujichosha tu?

Baba Neema: Kunasaidia iwapo daftari ni moja na mnalisoma wote wawili. Hata hivyo, naona shida iko kwenye hela ya meza yenyewe, kwa sababu anayepewa fedha za siku moja hulazimika kununua vya kupima, yaani mafuta ya kipimo, robo ya sukari na mkaa wa kopo, na hivyo ndivyo ghali kuliko vyote. Mshahara ukiingia, nunueni unga, mchele, maharage, mafuta na sabuni vya mwezi mzima, ili hela ya meza ibaki ya mboga, nyanya na dagaa. Mkiweza, chukueni maharage na mahindi baada ya mavuno, mwezi wa saba au wa nane, yakiwa yamekauka sawasawa, muyahifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, maana bei ya Februari si ya Agosti.

Dereva wa Boda: Nakubaliana na Baba Neema kwa upande wa mwalimu, lakini si kwa upande wa fundi. Sisi tusio na mshahara tunaangushwa na siku nzuri: ikipatikana elfu thelathini, nyama inanunuliwa na soda juu, kesho yake hakuna kitu. Shemeji aache kiasi kilekile kila siku, tuseme elfu sita, na ziada aiweke kwenye laini ya simu isiyotumika kwa jambo lingine, ifidie siku mbaya. Asitoe kidogo kidogo kwa wakala, kwa sababu kila anapotoa anakatwa.

Bi. Mkubwa Tanga: Mwanangu, hujataja michango, nayo ndiyo inayomaliza mishahara ya walimu. Kadi za harusi, kipaimara na send-off zitengewe fungu lao, nalo likiisha, kamati iambiwe mapema kwamba mwezi huu hamna. Watanuna, kisha watazoea. Misiba ni habari nyingine, hiyo haina ratiba. Halafu angalia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: ukinunua umeme mara ya kwanza kwa mwezi hukatwa shilingi 1,500 za kodi ya jengo, na kwa kuwa umepanga, huo ni mzigo wa mwenye nyumba, hivyo zungumza naye aipunguze kwenye kodi yako ya pango.

Mama Wawili (Kimara): Nashukuru sana. Mume wangu amesoma na amekubali elfu sita, kwa sharti kwamba Jumapili iwe tofauti. La mwenye nyumba nitalisema tukienda kulipa kodi ya miezi mitatu ijayo.