Panya mishipa yake haizibi, sasa tunamjaribia nini?

BintiLikoni: Asalaam aleikum wana jukwaa. Nasoma sayansi ya tiba hapa Mombasa, mwaka wa tatu. Mwaka jana baba alipata mshtuko wa moyo tukingoja feri Likoni. Alishika kifua, jasho likamtoka kanzu ikaloa yote. Alhamdulillahi yu hai, ila tangu siku ile jambo hili halinitoki akilini. Juzi nilinunua moyo wa ng'ombe Kongowea nikaupasua mshipa mkubwa: ndani kunateleza kama nyama ya dafu, hata chembe ya mafuta hamna. Darasani twaambiwa dawa huanzia kwa panya. Naye panya nimesoma haugui ugonjwa huu wa mishipa ya moyo kuziba kwa mafuta! Nieleweshwe tafadhali.

FundiMaabara: Waaleikum salaam mwanangu, pole ya baba. Nimelisha panya wa maabara miaka mingi. Ni kweli, panya wa kawaida kolesteroli yake (aina ya mafuta ya kwenye damu) nyingi hubebwa na HDL, ile isiyoziba mishipa. Ndipo mwaka 1992 wataalamu Marekani wakapata panya walioondolewa jeni ya ApoE, inayolisaidia ini kuyatoa mafuta kwenye damu. Hao huota utando wa mafuta mishipani hata kwa chakula cha kawaida. Mwaka 1993 wakafuata wasio na kipokezi cha LDL, ile kolesteroli inayoziba mishipa, ila hao lazima uwape chakula cha mafuta mengi. Kasoro yake, utando wa panya ni nadra upasuke damu igande juu yake. Na kwa kawaida hilo ndilo linalomwangusha mtu kama baba.

Mzee wa Tudor: Msimsahau sungura. Mtafiti Anichkov, kule Urusi, aliwalisha sungura kolesteroli iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya alizeti, mishipa ikaota utando. Hiyo ni 1913! Na statini, dawa ya kushusha kolesteroli, nusura itupwe: mtafiti Akira Endo wa Japani aliwapa panya wa aina kubwa (rat), kolesteroli haikushuka. Akaja kujaribu kwa kuku watagao, ikashuka sana. Kwa hiyo binti, kabla ya dawa mchunguze kwanza mnyama.

BintiLikoni: Shukran sana, wazee wangu. Baba humeza statini kila baada ya isha. Leo nimemsomea hiyo habari ya kuku, akaniambia nirudie tena tangu mwanzo.