Naomba ushauri: runinga janja au kisanduku cha pembeni?

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaishi Kirumba, Mwanza. Kisanduku changu cha kutazamia filamu kwa intaneti hakipati tena masasisho tangu kampuni iliyokitengeneza iliponunuliwa na kubwa zaidi. Nikifungua programu, duara huzunguka hadi skrini inakuwa nyeusi, ingawa nimekirejesha katika hali ya kiwandani mara mbili na kubadilisha waya. Google iliinunua Nest, kampuni ya vifaa janja vya nyumbani, mwaka 2014 kwa dola bilioni 3.2, Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, nayo ikainunua Vizio, kampuni ya runinga, mwaka 2024, na sisi wateja hatuulizwi, jambo linalonisikitisha sana. Je, ninunue runinga janja, au ya kawaida yenye kisanduku cha pembeni? Na nikiwa dukani, nitajuaje masasisho yatadumu miaka mingapi?