Sikukuu ya Mashujaa: tuwapeleke watoto wapi jijini Nairobi?

Mama wa Buruburu ameuliza:

Hamjambo nyote. Mwaka huu sitaki tarehe 20 Oktoba ipite tukiwa tumeketi mbele ya televisheni. Binti yangu yuko Gredi ya Saba, na binamu zake kutoka Machakos watakuwa nasi. Wote wamefundishwa kwamba siku hii iliitwa Siku ya Kenyatta, na kwamba Katiba ya 2010 ndiyo iliyoifanya kuwa ya mashujaa wote, lakini nikiwauliza hao mashujaa wengine ni akina nani, wananyamaza. Nilikuwa nimepanga kuanzia jengo la Nyaraka za Kitaifa, kisha nikakumbuka kwamba ofisi za serikali hufungwa sikukuu. Je, yapo maeneo ya kihistoria tunayoweza kuyafikia kwa miguu siku hiyo, ambayo yatawafunza watoto zaidi ya sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta, rais wa kwanza, pale kwenye jumba la mikutano la KICC?

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Dada, milango kufungwa kusikuvunje moyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya historia unayoitafuta iko barabarani, na siku ya sikukuu katikati ya jiji hupungua msongamano kiasi kwamba watoto wanaweza kusimama na kusikiliza.

Ningeanzia Barabara ya Harry Thuku, kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mnamo Machi 1922 serikali ya kikoloni ilimkamata Thuku, aliyekuwa akipinga kipande (kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kubeba), kodi na kazi ya kulazimishwa, na tarehe 16 umati mkubwa ukakusanyika nje ya kituo cha polisi kilichokuwa karibu na hapo, ukidai aachiliwe. Viongozi walipotoka kuzungumza na maafisa na kuwataka watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakabili wanaume na kuwaambia kwamba, ikiwa wameogopa, wampe yeye suruali zao nao wavae nguo yake. Umati ukasonga mbele, risasi zikafyatuliwa, naye akawa miongoni mwa watu zaidi ya 20 waliouawa. Wasimulie watoto kisa hiki papo hapo, kabla hujawaonyesha sanamu yoyote, ili wajue kwamba mapambano hayakuanza na vita vya Mau Mau vya kudai uhuru mwaka 1952, na wala hayakuwa ya wanaume peke yao. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na bado naona kwamba tunamtaja mama huyu kwa haraka mno.

Kutoka hapo shukeni hadi Kenyatta Avenue, mtazame sanamu za shaba za askari na mpagazi, zilizowekwa kuwakumbuka Waafrika waliotumikia jeshi la Mwingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Maandishi yake yapo kwa Kiswahili pia, kwa hiyo mwache binti yako ayasome kwa sauti. Halafu nendeni kwenye sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, iliyo kwenye mtaa unaobeba jina lake. Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa bila kaburi lenye alama, na sanamu hii ilizinduliwa 2007, miaka 50 kamili baadaye. Hapa pana swali ambalo watoto wa umri huo wanaliweza: kwa nini ilichukua muda huo wote? Sehemu ya jibu ni kwamba marufuku ya wakoloni dhidi ya Mau Mau iliendelea kuwa sheria katika Kenya huru hadi 2003. Usiwafiche jambo hilo.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye Moi Avenue, ipo sanamu ya Tom Mboya, waziri na kiongozi wa wafanyakazi, karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Mkiwa bado na nguvu, fuateni barabara hiyohiyo hadi bustani ya ukumbusho ya Agosti 7, palipolipuliwa ubalozi wa Marekani mwaka 1998.

Mpita Njia ameongeza:

Makumbusho ya Kitaifa, pale Museum Hill, hupokea wageni hata siku za sikukuu, na ada yake hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Eneo la Bunge na kaburi la Mzee Kenyatta lina ulinzi mkali, kwa hiyo muulizeni askari kwanza kabla ya kupiga picha.

Mzaliwa wa Kaloleni amejibu:

Namheshimu sana Mwalimu, ila ziara yake yote inaishia mjini, ambako mashujaa wamekwisha kuwa shaba na mawe, ilhali siasa zenyewe zilipikwa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa jamii wa Kaloleni, chama cha siasa cha Waafrika, Kenya African Union (KAU), kilifanya mkutano wa pamoja na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, na humo Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, akadai hadharani uhuru kamili wa nchi hizi. Mwezi uliofuata alikamatwa pamoja na Fred Kubai, wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, na Singh akazuiliwa hadi 1961. Ni Wakenya wangapi wanaolijua jina lake? Ukumbi huo ungalipo, katikati ya nyumba ambamo watu wanaishi na kulea watoto, na mtoto akiuona ataelewa kwamba taifa hili lilidaiwa na makarani, madereva na wafanyakazi wa reli waliotoka kazini jioni na kuketi kwenye viti vya kawaida.

Mama wa Buruburu:

Nawashukuru wote. Makhan Singh sikumjua kabisa, na nitamsoma kabla ya siku hiyo ili nisije nikaulizwa nikakosa jibu. Mwalimu, je, Kaloleni inaweza kuingia katika siku moja na hayo mengine bila kuwachosha watoto?

Mwalimu Mstaafu:

Inaweza, na Mzaliwa wa Kaloleni amenikosoa kwa haki. Acheni Agosti 7 kwa siku nyingine, kwa sababu msiba ule unahitaji utulivu wa peke yake. Anzeni saa tatu asubuhi, mmalizie kwa Mboya kabla jua halijawa kali, kisha mpande matatu ya Buruburu inayopitia Jogoo Road na kushuka Kaloleni mkiwa njiani kurudi nyumbani. Mkifika, salimieni kwanza wazee mtakaowakuta karibu na ukumbi na mwaeleze kilichowaleta.