Duka la nafaka Namanga: wateja wa Kenya wananirudishia mzigo

Mwenye duka:
Wakuu, msaidizi wangu katoka Tanga. Anaona wateja wa Kenya wana kiburi, na mzigo unarudishwa. Tatizo ni nini?

Mpima Nafaka:
"Nipe kilo mbili" ya Mkenya haina dharau hata kidogo, ndivyo anavyoongea na kila mtu. Asinune, apime tu. Mzigo kurudi ni jambo jingine, na nashuku ndengu. Mkenya akisema "ndengu" anataka choroko, zile punje ndogo za kijani. Mtu wa Tanga anasikia dengu, anapima zile kubwa za kahawia. Amwekee mteja punje kiganjani kwanza, ndipo afunge.

Dada wa Sokoni:
Na gorogoro je? Ni kopo la takriban kilo mbili za mahindi, lakini ni kipimo cha ujazo. Nafaka nyingine uzito hubadilika. Jaza kopo, kisha mimina kwenye mizani mteja akiona. Bei nayo itajwe na fedha yake: "mia mbili za Kenya". Ukisema "mia mbili" tu mpakani, umeshaanzisha ugomvi.

Mwenye duka:
Kumbe! Zilizorudi zote ni dengu.