Wiki ya tano ya vidonge vya fangasi, mbona ukucha ni ule ule?

Gumba Bovu:
Wakuu, habari zenu. Ukucha wa gumba la mguu wa kulia una fangasi mwaka wa tatu huu. Mnene, wa njano, nikiukata unapukutika unga. Nimepaka dawa hadi nikachoka. Daktari akachukua kipande kikapimwa, akanipima na damu kuangalia ini, ndipo akaniandikia terbinafini miligramu 250, kidonge kimoja kwa siku, wiki 12. Leo niko ya tano na sioni tofauti. Shemeji amebakiza kapsuli za itrakonazoli, anasema nichanganye mambo yaende haraka. Natumia pia simvastatini ya kolesteroli na omeprazoli ya kiungulia. Nichanganye, au nimeze terbinafini mbili mbili?

Mama Vidonge:
Mkuu, hizo kapsuli zirudi kwa mwenyewe leo hii! Itrakonazoli na simvastatini hazitumiwi pamoja kabisa. Inalizuia ini kuivunja simvastatini, inarundikana kwenye damu, misuli inaharibika na figo zinaumia. Halafu kapsuli zile zinataka asidi ya tumbo ndiyo ziyeyuke, na asidi yenyewe wewe unaipunguza kwa omeprazoli. Shemeji hakujua, tusimlaumu sana.

Wala usimeze mbili mbili. Ukucha ulioharibika hauponi, unasukumwa tu na mpya unaoota nyuma yake. Achana na ncha, tazama kwenye shina. Mimi nilikwaruza alama kwa tupa pale usafi ulipoishia, nikawa naipiga picha kila mwezi. Gumba la mguu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kubadilika lote, kwa hiyo utamaliza dozi ukucha bado mbaya.

Mtoro wa Chumvi:
Mimi terbinafini ilinitoa ladha. Nilimgombeza mke wangu siku mbili kwamba mboga haina chumvi, kumbe watoto wanalalamika imezidi! Nikamwambia daktari, akanisimamisha. Ladha ilirudi polepole sana. Ukianza kuona hivyo usikae kimya.

Gumba Bovu:
Ladha ipo. Ila mkojo wa asubuhi ni wa njano iliyokolea, ndiyo ini hilo?

Mama Vidonge:
Ukinywa maji ukarudi kawaida, ulikuwa na kiu tu. Ukibaki wa rangi ya kola siku nzima, au choo kikawa cheupe, macho ya manjano, mwili unawasha, chakula hukitaki, acha vidonge siku hiyo hiyo uende ukapimwe damu. Hapo usingoje miadi. Na daktari anajua dawa zako zote? Mtajie hata za kiungulia.

Gumba Bovu:
Za kiungulia sikumtajia, nampigia kesho. Kapsuli za shemeji nimerudisha, amenuna kidogo. Nimemulika shina kwa tochi ya simu: kuna ukanda wa waridi, upana wa punje ya mchele. Natafuta tupa.